Visiwa vya Komoro na mke wangu, mwezi wa nane: vyote vitatu vinawezekana?

Mti_Mkavu
Wakuu, salaam. Mwezi wa nane nina likizo ya wiki moja na ushei. Unguja na Mafia tumeshazimaliza, safari hii mimi na mke wangu tunataka kuvuka hadi Komoro. Nimepanga Ngazidja, kisha Nzwani, tumalizie Mwali, kote kwa ndege ndogo maana mama watoto hapendi boti. Yeye anataka kuona kasa, mimi nataka kupanda mlima Karthala wa Ngazidja. Waliowahi kufika, mpango huu unakaa? Fedha gani nibebe? Kiswahili kitatufikisha?

Bandari_Salama
Mkuu, kwa muda ulionao toa kisiwa kimoja. Ndege za ndani zipo, ila ratiba inaweza kubadilika usiku wa kuamkia safari, na ukikwama Nzwani siku mbili basi kasa ndiyo umewakosa. Chagua viwili ukae kwa raha. Na ile siku ya mwisho kabla ya kurudi Dar, hakikisha umeshafika Ngazidja. Uwanja wa kimataifa uko Hahaya, kaskazini ya Moroni, na ndege ya Dar haitakusubiri.

Binti_wa_Moroni
Karibuni sana kwetu, kaka. Mimi ni Mngazidja, naishi Dar. Kwa shida ya wifi yangu, jibu ni Mwali. Nendeni kijiji cha Itsamia. Kasa wa kijani wanapanda pale kutaga usiku, na wenyeji wenyewe ndio waongozaji. Mtaambiwa mkae nyuma ya kasa kimya, tochi zimezimwa, mpaka aanze kutaga. Anachimba kwa mapezi ya nyuma taratibu, la kulia linachota mchanga, la kushoto linafuata, kama mtu anayepima unga kwa kata. Akishaanza kutaga ndipo mnaruhusiwa kusogea. Tafadhali msipige picha kwa mwanga mkali, anaweza kugeuka akarudi baharini bila kutaga.

Mwezi wa nane nyangumi nao wako pale na watoto wao. Kijiji cha Nioumachoua mtakodi mtumbwi wa mashine hadi visiwa vidogo vilivyo mbele ya kijiji, maji yake nashindwa kuyaelezea. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa 2001, na mwaka 2020 UNESCO ikakiingiza kisiwa kwenye hifadhi zake za biosfia, yaani sehemu za kulinda viumbe huku watu wakiendelea kuishi humo. Wanakijiji wameilinda kwa jasho lao, kwa hiyo laleni kwenye nyumba za wageni za vijijini, hela ibaki kwao.

Kusi_na_Kaskazi
Naunga mkono Mwali, ila nawaonea huruma mnaoiruka Nzwani. Mji mkongwe wa Mutsamudu, vichochoro vyake, ngome juu ya mji, harufu ya maua ya langilangi wakichemsha mafuta! Halafu kuna popo wa Livingstone, mweusi, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja, na duniani kote yuko Nzwani na Mwali tu. Gombessa wa pili kutambuliwa na wanasayansi, yule samaki waliyedhani alishatoweka zama na zama, alivuliwa Domoni, huko huko Nzwani, mwaka 1952. Kama likizo ingekuwa wiki mbili ningesema nendeni kote.

Mti_Mkavu
Asanteni sana. Nzwani tunaiweka akiba ya mwaka mwingine. Vipi fedha na lugha? Na Karthala inahitaji nini?

Binti_wa_Moroni
Bebeni yuro taslimu. Faranga yetu imefungwa na yuro, yuro 1 ni kama faranga 492, kwa hiyo hakuna wa kukupunja kwenye hesabu. Mashine za kadi msizitegemee, hasa Mwali. Viza mnalipia uwanjani, na kadi ya manjano ya chanjo msiisahau.

Lugha, Kingazidja na Kiswahili ni ndugu, mtashika maneno mengi, na wazee wengi waliokulia Unguja mtaongea nao vizuri kabisa. Vijana wengi watajibu kwa Kifaransa. Dada avae kanga au dera vijijini na kwenye fukwe zilizo jirani na watu. Sisi ni Waislamu na jambo hilo linatugusa kweli.

Jiwe_la_Moto
Karthala ni mita 2,361, volkeno hai, ilishalipuka mara kadhaa miaka ya 2005 hadi 2007. Usipande bila mwenyeji, ukungu ukishuka njia haionekani. Wengi wanalala juu usiku mmoja, na mwezi wa nane baridi yake ni ya koti zito. La muhimu kuliko yote ni maji. Ngazidja haina mito, mvua yote inazama kwenye mawe ya volkeno, kwa hiyo kila lita mtakayokunywa mtaipandisha wenyewe. Anza na mlima ungali na nguvu, Mwali iwe ya kupumzikia.

Mti_Mkavu
Sawa mkuu, mlima kwanza. Limebaki moja: ndege ya Mwali ikifutwa, kuna njia nyingine?

Bandari_Salama
Boti za Chindini, kusini ya Ngazidja, hadi Hoani upande wa Mwali. Ila mwezi wa nane ni kusi, upepo unazidi kadiri jua linavyopanda. Laleni karibu na Chindini, mvuke alfajiri, na msipande chombo kisicho na jaketi la kuokolea la kila abiria. Nahodha akisema leo hatuvuki, msimbembeleze wala msimwongezee hela. Mwambie mkeo hilo mapema, na muweke siku moja ya ziada upande wa Mwali kwa ajili ya kurudi.