Nasomea bili za hospitali mtandaoni nikiwa Busia. Kazi nitaipata wapi?

Binti_wa_Mpakani

Habari zenu nyote. Niko Busia, upande wa Uganda, nina miaka 26 na mtoto mmoja anayenyonya. Mwezi wa pili niliingia kozi ya bili za hospitali inayofundishwa mtandaoni. Mfumo ni wa Marekani mtupu: misimbo ya ICD-10-CM kwa ugonjwa, CPT kwa kazi aliyofanya daktari, na fomu ya CMS-1500 ya kudai malipo. Nalipa kidogo kidogo kwa mobile money, nimebakiza awamu mbili. Nasoma usiku mtoto akilala, kwa laptopu ya kaka yangu, na mchana namsaidia mama dukani.

Yananisumbua mambo matatu. Nasoma sura nzima naielewa, lakini nikipewa kisa cha mgonjwa nabaki nimekodoa macho, sijui nishike lipi kwanza. Halafu mwalimu anasema tukimaliza tufanye mtihani wa CPC, cheti cha Marekani cha waandika misimbo, na ada yake ni ya dola wakati mimi nahesabu shilingi. Bila mtihani huo kazi ipo? La mwisho: kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anayesema ana nafasi za kufanyia kazi nyumbani kwa kampuni ya Marekani, ila kila mtu atume shilingi 350,000 za usajili kabla ya Ijumaa. Wenzangu wawili wameshatuma. Mama anasema yuko tayari kuuza mbuzi.

Naomba anijibu mtu aliyepita njia hii.

Meza_ya_Bima

Mdogo wangu, naanza na mbuzi kwa sababu Ijumaa iko karibu. Asiuzwe. Nimeajiriwa mara tatu katika kazi hii na sijawahi kulipia nafasi hata mara moja. Kampuni inayokabidhi mtu rekodi za wagonjwa lazima impime kwanza, kwa hiyo mwulize huyo bwana majaribio ya kazi ni lini na mkataba una jina la kampuni gani. Akikuharakisha badala ya kukujibu, umeshapata jibu. Na wale wawili waliotuma wapigie leo, wawahi kulalamika kwa mtandao wa simu na polisi.

Sasa kazi yenyewe. Mimi nina miaka 11 kwenye meza ya bima. Nilianzia Tororo nikiwa mapokezi, sasa niko Kampala kwenye kliniki ya binafsi. Mwaka wangu wa kwanza tulipeleka madai ya mwezi mzima kwa kampuni ya bima, na baada ya wiki tano yakarudi 61. Ugonjwa umeandikwa, dawa zimeandikwa, bei ni sawa, ila mgonjwa hakutia saini. Zaidi ya shilingi milioni 4 zilikuwa hapo, na fomu hizo nilizitoa mimi kwa mkono wangu. Nilipanda boda wiki tatu, Tororo mjini, Nagongera, mpaka Malaba, nikiwatafuta watu waliokwisha pona waje watie saini. Wengine walikuwa wamehama. Wapo walioniogopa wakidhani nimekuja kudai deni.

Kuanzia hapo nikafungua daftari. Kila dai lililokataliwa niliandika tarehe, kampuni, sababu, kosa lilianzia kwa nani na tulilirekebishaje. Baada ya mwaka nilikuwa nikiishika fomu tu naona mahali itakapokwama. Ndiyo maana nakwambia: kujaza fomu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ile inayomfanya mwajiri akushike asikuachie, ni kujua kwa nini pesa haikuja na kuifuata.

Huko Marekani sababu hizo zina alama zake, na ningekuwa wewe ningezisoma mapema kuliko kitu kingine chochote. CO-16 ni kwamba taarifa imepungua au ina kosa. CO-29, muda wa kudai umepita; Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hutoa miezi 12 tangu siku ya huduma, lakini kampuni nyingine hutoa muda mfupi zaidi. CO-50, bima haikuona kwamba huduma ile ilikuwa ya lazima kitabibu. Herufi za mbele usizipite haraka. CO maana yake mzigo unabaki kati ya hospitali na mtoa bima, usimtumie mgonjwa bili. PR maana yake ni sehemu ya mgonjwa, kama PR-1, ile pesa anayotakiwa kutoa mfukoni kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Ukichanganya hizo mbili utamdai mama wa watu pesa asiyodaiwa. Hilo mimi siwezi kulichukulia kama kosa dogo la karatasi.

Kuhusu visa: usifungue kitabu cha misimbo kwanza. Soma maelezo ya daktari mpaka mwisho, kisha jiulize nini kimejulikana kwa hakika, nini kimefanyika, na mgonjwa alikuwa wa nje au alilazwa. Mfano, mgonjwa wa nje ana homa na kikohozi, daktari ameandika "huenda ni nimonia", amempeleka picha ya kifua. Wanafunzi wengi wanakimbilia J18.9 ya nimonia. Hapana. Kwa mgonjwa wa nje, kanuni za Marekani hazikuruhusu kuandika ugonjwa wa "huenda" wala "anashukiwa". Unaandika kilicho hakika: R50.9 kwa homa, R05.9 kwa kikohozi. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini ana kanuni nyingine. Huyo akiruhusiwa kwenda nyumbani na daktari bado anaandika "huenda", unaweza kuuandika ugonjwa kana kwamba upo. Ukiishika tofauti hiyo moja, visa vingi vitakufungukia.

Chukua na malaria, tunayoijua sote. B54 ni malaria isiyotajwa aina. Kama daktari ameandika kwamba ni falciparum, aina mojawapo ya malaria, bila matatizo mengine, ni B50.9. Ameandika "malaria" tu? Usimjazie. Mwulize. Kazi yetu ni kuandika alichoandika daktari, hata kama wewe umeona mwenyewe mtoto anatetemeka.

Mtihani wa CPC una maswali 100 kwa saa 4, kufaulu ni asilimia 70, na unaruhusiwa kuingia na vitabu vyako vya misimbo. Unaweza kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, kwa hiyo umeme na intaneti viwe vya kuaminika. Ukifaulu bila uzoefu utaitwa CPC-A, na hiyo A haitoki mpaka uthibitishe miaka 2 ya kazi. Saa 80 za masomo yanayokubalika zinahesabiwa kuwa mwaka mmoja. Waajiri wanaiona hiyo A. Tena CPC ni ya misimbo. Mtu anayependa kufuatilia malipo ana mtihani wake, CPB. Kwa hiyo mwaka huu dola zako zikae. Maliza kozi, kisha nenda kliniki moja hapo Busia au Tororo inayopokea kadi za bima, muulize anayeshughulika na madai kama unaweza kumsaidia asubuhi mbili kwa wiki. CPT hutaikuta huko, kliniki zetu zina orodha ya bei waliyokubaliana na bima. Lakini mifupa ni ileile: kuhakikisha uanachama kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari, kuomba kibali cha upasuaji au vipimo vya gharama, kupeleka madai kwa wakati, na kulinganisha kilicholipwa na kilichodaiwa. Miezi sita ya hayo ukiyaeleza kwenye usaili, unaeleza kitu ulichokishika.

Zamu_ya_Usiku

Naunga mkono hapo juu, hasa la pesa ya usajili. Mimi niko Ntinda, nafanya madai ya kliniki za Marekani mwaka wa tatu sasa.

Dada, upange saa zako kabla hujaomba kazi. Kliniki ya New York ikifungua saa mbili asubuhi, kwetu ni saa tisa alasiri wakati wa kiangazi chao, na saa kumi wakati wa baridi, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Unamaliza saa sita au saa saba usiku. Za California ndiyo kwanza zinafungua kwetu jua likizama. Ukiwa na mtoto mdogo, tafuta kazi ya kuingiza malipo na kurekebisha madai, ambayo haikulazimishi kuwapigia bima simu saa zao za ofisi.

Jambo ambalo kozi nyingi hazisemi: baadhi ya majimbo hayaruhusu rekodi za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zishughulikiwe nje ya Marekani. Ndiyo maana unaweza kuandika maombi mazuri ukakataliwa kwa sababu ya mahali ulipo tu. Usivunjike moyo na usidanganye kwamba uko kwingine. Wanaona.

Na laptopu ya kaka, yeye anaitumia pia? Sheria yao ya HIPAA ya 1996 na yetu ya kulinda data ya 2019 zote hazitaki mtu asiyehusika aone rekodi za mgonjwa. Kwa masomo haina shida. Kwa kazi utahitaji mashine yako, chumba kinachofungwa, na betri ya kukuvusha umeme ukikatika. Mimi nilianza na akiba ya betri kabla sijanunua hata kiti.

Mzee_wa_Arua

Mimi naona tofauti kidogo. Kliniki nyingi za miji yetu midogo watu hulipa taslimu, meza ya bima haipo kabisa. Binti atazunguka bure.

Meza_ya_Bima

Mzee wangu, ni kweli, sio kila kliniki. Ndiyo maana aanze na zile zinazotibu wafanyakazi wa mashirika, mabenki na kampuni za mizigo pale mpakani, kwa sababu waajiri hao huwalipia watu wao bima. Akikosa kabisa, hata kutunza vitabu vya malipo taslimu na kulinganisha na dawa zilizotoka kutamfundisha jicho la hesabu. Ajue Excel vizuri pia, hilo sikulisema.

Binti_wa_Mpakani

Asanteni sana. Nimemwambia mama mbuzi abaki. Yule mtu nilimwuliza majaribio ni lini, akanitoa kwenye kundi papo hapo. Mmoja wa wale wawili ameshakwenda polisi, mwingine anaona aibu. Nitamsindikiza mimi kesho.

Kuna kliniki karibu na forodha, madereva wa malori huja na kadi. Jumatatu nitakwenda. Ila dada wa Meza ya Bima, kile kisa cha kikohozi kimenichanganya. Wewe umeandika R05.9, na kitabu tulichotumiwa na mwalimu kina R05 tu, haina nukta.

Meza_ya_Bima

Basi kitabu chenu ni cha zamani. R05 iligawanywa tarehe 1 Oktoba 2021, na dai lenye R05 peke yake kwa huduma ya baada ya hapo litarudi. ICD-10-CM hubadilika kila Oktoba, CPT kila Januari. Angalia na huku: kama bado kina 99201 kati ya misimbo ya kumwona daktari, hiyo ilifutwa mwanzoni mwa 2021. Mwulizeni mwalimu darasa zima kwa pamoja, kabla hujalipa awamu iliyobaki. Orodha ya ICD-10-CM ya mwaka huu inatolewa bure na serikali ya Marekani, hiyo pakua usiku wakati bando ni rahisi.

Binti_wa_Mpakani

Nimeangalia sasa hivi. 99201 ipo. Namwandikia mwalimu.