Ushauri: mwendo sahihi na muziki wa The Patent Leather Kid (1927)

Kilinge: Wakuu, heshima kwenu. Naandaa onyesho la filamu bubu hii, ya bondia wa New York (Richard Barthelmess) anayeishia vitani Ufaransa. Faili langu ni la fremu 24 kwa sekunde na watu wanatembea kama wanafukuzwa. Kutakuwa na mpiga piano na msomaji wa kadi za maneno (maandishi yanayojitokeza kwenye skrini kati ya picha) kwa Kiswahili. Nishushe mpaka 16?

Fundi Mtambo: Usiende 16, mkuu. Huo ni mwendo wa filamu za zamani zaidi. Kufikia 1927 kumbi nyingi zilikuwa zinakaribia 24. Ukishusha mno, ngumi zinaelea na pambano linakufa. Anza na 22, kisha jaribu 20. Usipime kwa ndondi, maana bondia ana haki ya kuwa mwepesi. Pima kwa mtu anayetembea, moshi, au nguo inayoanguka.

Kabla ya yote, fungua faili kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ubonyeze E, uende fremu moja moja. Ukiona kila ya sita ni marudio ya ile ya tano, aliyetengeneza faili alishasahihisha kutoka 20. Hapo usiguse kitu.

Kama hakuna marudio, tumia MKVToolNix (programu ya kupanga upya faili za video): chagua mkondo wa picha, andika 22fps, hifadhi. Picha haibanwi upya, kwa hiyo ubora haupungui. Sauti iliyomo iondoe. Itaachana na picha, na muziki mpya uliorekodiwa una hakimiliki yake hata kama filamu yenyewe haina tena hakimiliki Marekani tangu 1 Januari 2023.

Noti Nyeusi: Mpiga piano asiandike dakika zake kabla mwendo haujaamuliwa. Alama ya dakika ya 60 kwenye 24 inahamia 65 na sekunde 27 kwenye 22. Wengi hujikwaa hapo.

Ulingoni asifuate kila konde, atachelewa tu. Ashike mdundo wa raundi na abadilishe kwenye kengele. Vitani atumie noti nzito za chini, ila aache nafasi: mabomu mfululizo yanachosha masikio, na baadaye hatakuwa na pa kupandia. Mwishoni, mkono uliopooza unapoinuka kupigia bendera saluti, aanze chini sana. Nguvu iko usoni mwa Barthelmess.

Kilinge: Nimeangalia, hakuna marudio. Nakwenda na 22. Na msomaji je?

Fundi Mtambo: Asome kadi mara moja, anyamaze kabla haijaondoka. Asijazie maneno kama wale watafsiri wa vibanda umiza. Wao hushindana na sauti, huyu atakuwa anamfunika mpiga piano. Mpe karatasi yenye kadi zote zikiwa na namba, na taa ndogo iliyofunikwa upande wa skrini. Maneno ya kambi ya ndondi yabaki ya kambi: kona, raundi, konde.

Noti Nyeusi: Na wafanye mazoezi pamoja, filamu nzima, kwa faili lile lile la 22.