Crown GS131 ya supachaja imekosa nguvu, fundi anasema supachaja imekufa. Naombeni ushauri

Mzee wa Crown
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Crown ya 1989, injini 1G-GZE, ile 2.0 ya silinda 6 yenye supachaja (pampu inayosukumia injini hewa ya ziada). Juzi napandisha mlima Kitonga nakanyaga mafuta mpaka chini, gari linajikokota, malori yananipigia honi. Zamani ukikanyaga unasikia ule mvumo mbele, sasa kimya. Silensa inapumua kawaida, moshi hakuna. Fundi kaizungusha puli kwa mkono, kasema supachaja imekufa, nitafute ya mtumba kutoka Japani. Bei yake inatisha. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

Nati Kumi
Pole mkuu. Hiyo puli inazunguka hata kama ndani pamekufa, maana katikati kuna klachi ya sumaku inayoshika na kuachia kwa umeme, kama ile ya kompresa ya AC. Fundi aliyepima kwa puli peke yake hajapima kitu.

Washa gari, liache sailensi bila kukanyaga mafuta, chungulia mbele ya puli. Mkanda unazungusha puli, ila sahani ya katikati imetulia. Hiyo ni sawa, Toyota waliitengeneza ishike ukikanyaga tu. Sasa zima gari, chomoa plagi ya klachi, ipe volti 12 moja kwa moja toka kwenye betri. Lazima ipige "tak" na sahani ivutwe. Isipopiga, pima koili ya klachi kwa multimita.

Binti Gereji
Naongezea. Klachi ikiwa imeachia, zungusha ile sahani ya katikati kwa vidole. Iende laini. Ukisikia inakwaruza au ina mchezo, rota (mapanga ya ndani yanayosukuma hewa) zinagusana au beringi zimekwisha, hapo fundi wako atakuwa sahihi. Halafu fungua bomba la hewa linalotoka kwenye supachaja, pitisha kitambaa. Kikitoka na oili nyingi, sili ya shafti inavujisha. Gia zake zina oili yake peke yake, haichangii na ya injini, na mafundi wengi hawajawahi hata kuigusa.

Kaka Mnyonge
Uza hilo gari mkuu, nunua IST 😂

Nati Kumi
Mpuuze huyo. Gari hilo supachaja isipofanya kazi linakuwa zito kukimbia kuliko hata lenye 1G ya kawaida isiyo na supachaja, kwa sababu kompresheni yake (mgandamizo ndani ya silinda) wameishusha makusudi. Kwa hiyo kujikokota hakumaanishi injini imechoka.

Mzee wa Crown
Mrejesho: tumeipa moto wa betri, imepiga "tak" safi. Sahani ikizungushwa kwa mkono ni laini, kitambaa kimetoka na unyevu kidogo tu. Fundi sasa kabadili wimbo, anataka aniwekee swichi ndani niwe naiwasha mwenyewe.

Binti Gereji
Swichi usikubali kaka. Kuna vali ya bypass, ya njia ya pembeni ya hewa, inayopaswa kujifunga pale klachi inaposhika. Ikibaki wazi, hewa inazunguka humo humo na presha hupati, unachosha koili bure. Hiyo vali nayo ifunguliwe isafishwe masizi. Lakini kwanza soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari: kwenye kile kiboksi cha diagnosi unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ya ufunguo ON bila kuwasha injini, hesabu taa ya check engine inavyokonyeza.

Mzee wa Crown
Inakonyeza mara nne, inatulia, kisha mara moja.

Nati Kumi
Hiyo ni kodi 41, sensa ya throttle, inayopima umekanyaga mafuta kiasi gani. Kompyuta isipojua umekanyaga kiasi gani, inaweza isiiamuru klachi kabisa. Kagua plagi na waya zake kabla ya kununua sensa. Ukimaliza, futa kodi kwa kuchomoa fyuzi ya EFI, kisha lijaribu gari.

Mzee wa Crown
Plagi ina kutu ya kijani, pini moja imekatika kabisa. Kesho naenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kutafuta plagi yenye mkia wa waya. Supachaja ya mtumba nimemwambia muuzaji aiweke pembeni kwanza.

Binti Gereji
Ukiwa huko Gerezani nunua na mkanda, huo wako kwenye picha uliyotuma umeanza kupasuka.