Sindano imeniondolea maumivu ya kifundo, mbona ultrasaundi bado ina vidoa vyekundu?

BintiShaba:
Habari zenu wapendwa. Nina baridi yabisi, mwaka wa sita huu. Wiki sita zilizopita nilichomwa sindano ya steroidi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Siku mbili za mwanzo kiliuma kuliko awali; siku ya nne nikafungua kifuniko cha chupa mwenyewe, nikalia. Juzi nimerudishwa kwenye ultrasaundi. Maji yamekauka, ila vidoa vya Dopla vipo: vilikuwa alama 2, sasa 1. Siumwi. Vidoa hivyo ni vya nini?

Mpimaji_K:
Hongera kwa hiyo chupa, dada. Dopla inaonyesha damu inayopita kwenye utando wa ndani wa kiungo. Utando uliotulia hauonyeshi kitu, au kidogo sana; uliovimba huota vimishipa vipya, ndivyo hivyo vinavyometameta. Alama ya juu ni 3. Maumivu yanaweza kuisha huku utando ukifukuta chini kwa chini, na kiungo kilichobaki na vidoa ni rahisi zaidi kuvimba tena. Kwa hiyo 2 kwenda 1 ni nafuu ya kweli, lakini haijaisha.

Uliza pia kama ni mashine ileile. Na aliyekupima alikandamiza? Kifaa kikigandamizwa, vimishipa hubanwa na vidoa hupotea. Ni kosa linaloniuma sana, maana mgonjwa huambiwa amepona.

MzeeGoti:
Mwanangu, mimi ni goti, tena nina kisukari. Sikutahadharishwa: sukari ilipanda siku kadhaa baada ya sindano. Mwenye kisukari apime mara nyingi zaidi. Na kiungo kikiwa chekundu na cha moto, ukashikwa na homa, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo.

BintiShaba:
Shikamoo mzee, nimekusikia. Mpimaji_K, yule wa kwanza alinikandamiza hadi nikashtuka! Wa juzi alipaka jeli nyingi, kifaa kikapita juu juu tu. Je, nichomwe tena kwa ajili ya hiyo 1?

Mpimaji_K:
Basi huenda ile 2 ilikuwa zaidi ya 2, na umeshuka kuliko karatasi inavyosema. Mweleze daktari hilo. Kuchomwa tena ni uamuzi wake, ila kwa kawaida sindano hazizidi tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Vidoa vikiendelea, mazungumzo huwa juu ya dawa zako za kudumu. Unatumia methotreksati, ile dawa ya kutuliza baridi yabisi?

BintiShaba:
Naitumia. Niliruka wiki mbili nilipoona siumwi. Narudi kuimeza.

Mpimaji_K:
Mpigie daktari leo umwambie umeiruka, kabla hajasoma hizo picha.