Ligi ya mkoa, timu 12 na vituo viwili: ratiba, mamluki na pingamizi mnaviendeshaje?

Mwandika_Muhtasari

Wadau, habari za leo. Naomba msaada wa wanaofahamu uendeshaji wa ligi ya mkoa, lile Daraja la Tatu. Mkoa wetu ni Ruvuma. Ligi za wilaya zimekwisha, na ukijumlisha zilizopanda na zilizobaki tuna timu 12 kutoka Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru. Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo wajumbe wengi wanaona nyumbani na ugenini haiwezekani. Tunataka kuanza Juni, mvua ikiwa imekatika. Fedha ni ada ya ushiriki ya timu pamoja na kiingilio kidogo cha mlangoni.

Ninayotaka kujua: muundo gani unafaa, mamluki (wachezaji wasio halali) tunawazuiaje kabla ya mechi badala ya kugombana baadaye, na pingamizi zisikilizwe na nani ili bingwa asipatikane mezani.

MezaYaRatiba

Mkuu, anza na hesabu. Timu 12 zikicheza nyumbani na ugenini ni mechi 132. Mzunguko mmoja tu ni mechi 66. Ukigawa makundi mawili ya timu sita sita, kila kundi lina mechi 15, jumla 30. Wawili wa juu kila kundi wanaingia Nne Bora, wanacheza wote kwa wote mechi sita. Jumla 36. Huo ndio muundo ambao mkoa wenye umbali kama wenu unaweza kuumaliza. Kila kundi likusanyike na kucheza mechi zake zote kwenye kituo kimoja: Kundi A kituo cha Songea, Kundi B Tunduru au Mbinga, kisha Nne Bora yote Songea.

Ratiba ya timu sita usiibuni kichwani. Ipe kila timu namba kwa droo mbele ya wawakilishi, halafu namba 1 ibaki palepale na nyingine zizunguke:

Raundi ya 1: 1–6, 2–5, 3–4
Raundi ya 2: 1–5, 6–4, 2–3
Raundi ya 3: 1–4, 5–3, 6–2
Raundi ya 4: 1–3, 4–2, 5–6
Raundi ya 5: 1–2, 3–6, 4–5

Timu moja ikijitoa kabla ya kuanza, namba yake inakuwa mapumziko. Anayepangwa nayo siku hiyo hachezi, na ratiba haiguswi.

Kosa linalojirudia kwenye ligi za kituo ni siku. Raundi moja ina mechi tatu, na watu huzipanga mbili leo na moja kesho, kesho kutwa raundi mpya. Kwenye karatasi inapendeza, ila timu iliyocheza peke yake siku ya pili inaweza kurudi uwanjani siku ya tatu, wakati mpinzani wake amepumzika siku nzima. Weka siku mbili za mechi, ya tatu uwanja upumzike. Raundi tano zinakwisha siku ya 14, na hakuna timu inayocheza siku mbili mfululizo. Najua siku 14 za malazi ni mzigo kwa timu ya kutoka mbali, lakini wachezaji wakiumia wote raundi ya tatu mtakuwa mnaendesha ligi ya timu zenye watu tisa.

Siku yenye mechi mbili, ya kwanza ianze saa 8:00 mchana, ya pili saa 10:15. Ukiweka saa 10:00 unabakiwa na dakika kumi tu za kutoa timu moja na kuingiza nyingine, na hapo hujahesabu machela. Mechi ya saa 10:15 inakwisha kama saa 12:05 jioni. Ukichelewa nusu saa, giza linakukuta.

Raundi ya mwisho ya kila kundi mechi zenye uzito zianze kwa wakati mmoja. Kituo kikiwa na uwanja mmoja, omba wa shule kwa siku hiyo tu. Hili si jambo dogo. Kombe la Dunia la 1982, Algeria ilimaliza mechi zake za kundi siku moja kabla, kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani Gijón wakijua kwamba 1–0 ya Ujerumani inawapitisha wote wawili. Goli likapatikana mapema, kisha mpira ukapigwa pasi za kuvuta muda hadi mwisho. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja. Kama ilitokea kule, mechi ya mwisho ya kituo chenu haina kinga.

Filimbi_ya_Kusini

Nichukue la mamluki, maana wengi wanalishika mwisho wakati ni la mwanzo.

Mamluki anakuja kwa njia tatu. Ya kwanza, mchezaji aliyecheza ligi ya wilaya nyingine msimu huuhuu analetwa kwa jina lilelile, wakitegemea hakuna atakayelinganisha orodha. Ya pili, mtu anaingia kwa leseni (kadi ya mchezaji) ya mdogo wake au rafiki yake. Ya tatu, jina linabadilishwa kidogo: Rashidi Hamisi anakuwa Hamisi Rashidi.

Dawa ya njia ya kwanza na ya tatu ni kufunga usajili mapema. Weka siku ya mwisho angalau wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Kila mchezaji awe kwenye mfumo wa usajili wa TFF (Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania), yaani FIFA Connect, kwa majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha Taifa, na picha iliyopigwa karibuni. Halafu bandika orodha za timu zote 12 hadharani, kila katibu apewe nakala, na muwape siku tano za kupinga majina. Timu zenyewe ndizo zinazojuana. Katibu wa Mbinga atamtambua kijana wa Mbinga aliyeorodheshwa Namtumbo kabla mechi ya kwanza haijachezwa. Pingamizi la jina linalotoka wakati huo halimwagi machozi ya mtu, kwa sababu hakuna pointi iliyokwisha kuchukuliwa.

Njia ya pili inazuiwa uwanjani tu. Dakika 40 kabla ya mechi, kamishna na mwamuzi wa akiba waingie vyumbani, au chini ya mwembe kama vyumba hakuna, na leseni zote mkononi. Mchezaji anaitwa jina, anasimama, anataja majina yake yote na tarehe ya kuzaliwa bila kusoma popote, picha inalinganishwa na uso. Nahodha wa timu pinzani awepo anaangalia. Anayejikanyaga kwenye tarehe yake ya kuzaliwa msimpigie kelele; andika kwenye fomu, mwambie nahodha wake, aamue kama anamchezesha akijua limeshaandikwa. Leseni ya nakala isikubaliwe, hata ya nahodha. Ukikubali moja leo, kesho zote zitakuwa nakala.

Kikao cha maandalizi ya mchezo kifanyike asubuhi saa 4:00, si uwanjani. Mambo yake ni machache: rangi za jezi na za makipa, orodha, idadi ya wachezaji wa akiba, nani anakaa kwenye benchi, gari la kubeba majeruhi liko wapi. Timu isiyo na watu saba haianzi mechi, hiyo ni sheria ya mchezo. Muda wa kusubiri timu iliyochelewa uandikeni kwenye kanuni zenu, dakika 15 au 30, lakini uwe mmoja kwa wote.

Na ripoti. Mwamuzi akiandika "mchezaji namba 7 alitukana", Kamati ya Nidhamu haina cha kufanya. Aandike dakika ya ngapi, mchezaji alikuwa umbali gani, alisema maneno gani kama yalivyotoka mdomoni, na nani mwingine alisikia. Kesi nyingi za haki zinaanguka kwa ripoti ya mistari miwili.

Daluga_na_Chokaa

Mmesahau uwanja. Uwanja wa udongo uliopimwa kwa hatua za miguu huwa na upande mmoja mrefu, na boksi la kaskazini halilingani na la kusini. Chukueni kamba ya mita 100 na vijiti. Kona mnyooshe kwa pembetatu: mita 6 mstari mmoja, mita 8 mwingine, kati ya ncha zake lazima zipatikane mita 10 kamili. Uwanja wa mita 100 kwa 64 ukiwa sawa, kona hadi kona inayotazamana ni mita 118.7 pande zote mbili. Ikitofautiana hata mita moja, rudia kabla hamjamwaga kitu.

Goli ni mita 7.32 kwa 2.44, na urefu ule wa juu hupimwa kutoka ardhini hadi chini ya mwamba. Viwanja vya udongo hulika golini, mwamba unabaki palepale, ndipo unakuta goli lina mita 2.60 katikati. Jaza udongo, shindilia kwa maji.

Mistari yote ya uwanja wa kipimo hicho ni karibu mita 690, kwa hiyo nunueni vya kurudia angalau kila raundi. Tumieni rangi nyeupe ya maji au unga wa chaki. Chokaa mbichi inaunguza ngozi na macho, na mchezaji anaanguka na uso juu ya mstari. Oili chafu nayo msiiguse.

Mwandika_Muhtasari

Shukrani sana wakuu. @MezaYaRatiba, hoja ya siku 14 nitaipeleka. Kuna wajumbe wanaosema timu mwenyeji wa kituo ahudumie waamuzi chakula na malazi ili kupunguza gharama. Hilo likoje? Na pointi zikilingana, tofauti ya magoli au waliokutana wenyewe?

Hazina_Safi

Mwenyeji asihudumie waamuzi. Hata kama moyo wake ni mweupe, mkwaju wa penalti wa dakika ya 88 utasemwa umepikwa jikoni kwake. Posho itoke chama cha mkoa, ilipwe siku hiyohiyo kabla waamuzi hawajaondoka uwanjani, wasaini.

Piga hesabu hivi. Kila mechi ina watu sita: mwamuzi wa kati, wasaidizi wawili, wa akiba, kamishna na msimamizi wa kituo. Tuseme mmekubaliana shilingi 20,000 kila mmoja, ni 120,000 kwa mechi. Mechi 36 ni 4,320,000. Gawa kwa timu 12, ni 360,000 kila timu, na hapo hamjanunua mpira hata mmoja, hamjalipa uwanja wala nauli ya waamuzi wanaotoka nje ya kituo. Ada ya ushiriki ikiwa chini ya hapo, andikeni mapema pengo litajazwa na nani. Ligi nyingi zinasimama raundi ya tatu si kwa vurugu, ni kwa sababu waamuzi hawajalipwa mechi nne.

Kiingilio msikiweke kwenye bajeti kabisa. Kikipatikana kiwe cha zawadi na huduma ya kwanza. Tiketi ziwe na namba na vishina, mlangoni wakae watu wawili wasio wa timu moja, hesabu ifanyike wakati wa mapumziko mbele ya viongozi wa timu zote mbili, wasaini karatasi moja.

Ada ilipwe yote kabla ya droo. Timu ambayo haijalipa isipewe namba. Ukiingiza mdaiwa kwenye ratiba, siku ya kumtoa utakuwa unabomoa kundi zima.

MezaYaRatiba

Kuhusu pointi kulingana: kwa kundi la timu sita za mzunguko mmoja mimi napendekeza waliokutana wenyewe kwanza, kisha tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga, mwisho kura. Sababu yangu ni timu dhaifu. Siku ya mwisho timu iliyokwishakata tamaa inaweza kufungwa 9, na tofauti ya magoli ya kundi zima ikaamuliwa na watu tisa waliochoka.

Filimbi_ya_Kusini

Hapo sikubaliani nawe kabisa. Waliokutana wenyewe inafanya mechi moja ya raundi ya kwanza, labda yenye goli la utata, iamue kundi zima. Na zikilingana timu tatu zilizofungana kwa mzunguko, mnarudi kwenye magoli vilevile. Lolote mtakalochagua liandikwe kwenye kanuni, lisomwe siku ya droo, na wawakilishi 12 wasaini kila ukurasa.

Katika karatasi hiyohiyo muandike timu ikijitoa katikati inakuwaje. Njia safi: kama haijafikisha nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa, ikiwa imepita nusu, zilizobaki wapinzani wanapewa pointi tatu na mabao matatu. Msipoandika, aliyeifunga 6–0 atakataa kufutiwa, aliyetoka nayo sare atadai ifutwe.

Pingamizi sasa. Lililohusu uhalali wa mchezaji lipokelewe kwa maandishi, na ada yake, ndani ya saa 24 baada ya mechi. Kamati ya Mashindano iamue ndani ya saa 48, kabla ya raundi inayofuata pale inapowezekana. Asiyeridhika aende Kamati ya Rufaa, na aliyekaa kwenye kamati ya kwanza asikae kwenye ya pili. Mjumbe ambaye timu yake inahusika atoke nje ya chumba, muhtasari uandike kwamba ametoka na saa aliyotoka. Maamuzi ya mwamuzi uwanjani, kama goli au kuotea, hayakatiwi rufaa. Lisemeni waziwazi mwanzoni, litawapunguzia nusu ya barua.

Acheni siku nne tupu kati ya mwisho wa makundi na Nne Bora kwa ajili ya rufaa hizo. Nne Bora ikianza huku kuna barua mezani, mtairudia. Nanyi mnampeleka bingwa kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako jina lake likishatumwa TFF na orodha ya wachezaji wake, kulibadilisha ni kazi nyingine kabisa.