Gorogoro lipigwe marufuku? Mimi nasema hapana

Hoja inayozunguka ni hii: gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, liondolewe masokoni Mombasa, na kila anayeuza mahindi, maharagwe au mchele alazimishwe kuwa na mizani. Mimi napinga. Uwanja ni wenu.

Wenye hoja wanasema mteja hudhani anapata kilo mbili kwa kuwa kopo lenyewe ni la mafuta ya kupikia ya kilo mbili, kumbe kopo hupima ujazo, si uzito. Ni kweli. Mahindi makavu yakikatwa sawa na mdomo wa kopo hayafiki kilo mbili, ndiyo maana muuzaji muungwana huyarundika yakafanya kilima. Ujanja pia upo. Pita soko la Kongowea utazame vitako: kuna makopo yamegongwa chini mpaka kitako kimeingia ndani kama sahani iliyofunikwa.

Lakini wizi huo unaonekana. Kopo utalipindua, utatia vidole, utasema, "Mama, hili silo, nipimie kwa lile." Mizani je? Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Nani kati yetu huutafuta muhuri huo kabla ya kununua nusu kilo ya pojo? Na mahindi yasiyokauka vizuri yakiuzwa kwa uzito, maji nayo twayalipia bei ya mahindi.

Wala tusiambiwe kupima kwa ujazo ni ushamba. Pwani hii ilipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, kabla ya kilo kuja. Zaka ya fitri yenyewe asili yake ni swaa, yaani mudi nne, ujazo mtupu. Kilo tunazotajiwa kila Ramadhani ni makadirio, na ndiyo maana hazilingani kila msikiti.

Kinachostahili kupigwa vita ni lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo chake. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini lumbesa haijaisha. Hapo anayeumia ni mkulima, naye hana kopo la kupindua.

Pendekezo langu: kopo rasmi la chuma kigumu, lipigwe muhuri, litumike wazi mbele ya mteja. Mnaouza kwa mizani pale soko la Marikiti, tuambieni: ada ya ukaguzi mwaimeza wenyewe, au mwaitia kwenye bei?