SACD na CD ya kawaida: hii tofauti ninayoisikia inatoka wapi?

Muulizaji: Wakuu habari za jioni. Nina albamu ya jazi kwenye CD ya miaka ya 80, juzi binamu yangu anayeishi Uholanzi kaniletea albamu hiyohiyo kwenye SACD (Super Audio CD, diski ya mziki ya kiwango cha juu kuliko CD). Nikaitia kwenye deki yangu ya DVD ya siku zote, aisee! Ile brashi ya mpiga dramu unaisikia inavyokwaruza ngozi mpaka anapoiinua, na besi haivumi ovyo. Sasa nataka kununua deki ya SACD ila kama hii ya DVD inaicheza, nanunua nini hasa? Nishaurini.

Jibu la 1: Ngoja kwanza mkuu usitoe hela. Angalia kasha, kama limeandikwa Hybrid basi diski ina matabaka mawili, moja CD ya kawaida na lingine SACD, na deki isiyo na nembo ya SACD inasoma lile la CD tu. Yaani ulichosikia ni CD, kiwango chake cha sauti biti 16 na kilohezi 44.1, ileile tunayoijua tangu 1982. SACD Sony na Philips waliitoa 1999, hiyo bado hujaisikia. Tofauti yako imetokana na masta (nakala mama ya mziki ambayo diski hutengenezwa kutoka kwayo), mafundi watakuwa wameirudia kazi upya na kwa uangalifu zaidi.

Jibu la 2: Sikubaliani moja kwa moja. Mimi deki ya SACD ninayo, nikibonyeza kutoka tabaka moja kwenda lingine nasikia hewa zaidi kwenye matoazi.

Jibu la 1: Ndugu, sauti umezilinganisha ziwe na nguvu sawa? Ikizidi kidogo tu sikio linasema hii ndiyo nzuri. Halafu matabaka mawili ya diski moja si lazima yatoke masta moja. Mwaka 2007 watafiti wa sauti Meyer na Moran walichapisha jaribio lao, walichukua SACD na DVD-Audio (DVD ya mziki, nayo ya kiwango cha juu) wakazipitisha kwenye mashine inayoshusha mpaka kiwango cha CD, wasikilizaji hawaambiwi ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554 walipatia 276, sawa na kurusha shilingi. Ila hao hao walisema SACD nyingi zinasikika vizuri kuliko CD nyingi, kwa sababu zimetengenezwa kwa umakini. SACD nakubali ina faida moja ya kweli, mziki wa spika tano na sabufa, kama unazo.

Muulizaji: Nimeangalia, kweli Hybrid, maandishi madogo kule nyuma ya kasha chini ya nembo. Spika ninazo mbili tu na chumba kina vigae vitupu, nikipiga kofi kinaitika. Basi hela ya deki naiacha, Jumamosi naenda Kariakoo kutafuta zulia zito na pazia la ukuta ulio nyuma ya kochi, vipunguze huo mwangwi. Na huyo binamu nimemwambia akija tena alete Hybrid nyingine.